Umelipia HD, unaangalia ukungu

Wakuu, hii apu ya movi jina nalihifadhi, wanaoitumia hapa Dar wataijua tu. Kulipia ni chap, unaweka namba ya siri ya simu kifurushi kimewaka, na movi za Kibongo zimejaa, hapo siwadai kitu.

Sasa nikalipia kifurushi cha juu kabisa, kile cha HD, picha ikaja ina ukungu, sura za watu zimevurugika kama uji, nikajua ni bando, nikahamia waifai ya ofisini Posta, ukungu uleule. Huduma kwa wateja wao ni wimbo mmoja, "dada zima simu uwashe", "dada futa apu uiweke upya". Jamani YouTube simu hiihii inapiga 1080, HD kamili, bila kuganda!

Jibu nimelipata kwa fundi simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kafungua kiapu kinachosoma kufuli za simu akanionyesha mstari mmoja tu: Widevine, L3. Hiyo ni kufuli ya Google ya kuzuia video zisikopiwe, simu ya L1 inaifungua video ndani ya chipu kabisa, ya L3 inafungua kwa programu tu, wenye movi hawaiamini basi wanakushushia picha mpaka 480 huko, chini ya HD. Simu kibao za bei nafuu ndo ziko hivyo. Kinachoniuma, apu inaijua simu yangu vizuri sana, si ndo yenyewe inayonishushia picha, ila wakati wa kupokea hela ya HD ikawa kimya.

Jumapili tukataka kuangalia ukutani na wadogo zangu, laptopu, waya wa VGA, projekta ya zamani. Sauti safi, ukutani giza. Kufuli nyingine hiyo, inaitwa HDCP, kifaa kisichoitambua hakipewi picha. Mdogo wangu akashuka kwa jamaa anayejaza movi kwenye flashi, buku tu, movi ileile, inang'aa na inacheza popote. Sitetei wizi, wasanii wetu wanaumia sana na hizo flashi, ila kufuli imemkaba aliyelipa na yule wa flashi wala hana habari nayo.

Halafu kuna kitufe cha "Nunua", hicho msikiguse. Ukinunua movi inakaa humohumo kwao, huwezi kuitoa, wakifunga biashara na movi imeenda. Microsoft walifunga duka lao la vitabu vya kidijitali 2019 na vitabu vya watu vikaacha kufunguka, angalau wao walirudisha hela, hawa wetu kwenye masharti wameandika kabisa hela hairudi.

Nyota mbili, moja ya malipo, moja ya movi za Kibongo. Mwenye simu ya L1 alipie tu, atafurahi. Kama yako L3 chukua kifurushi cha chini, picha ni hiyohiyo na nauli inabaki.