Mfuko wa mama wa njiti: cha kuingia wodini na cha kubaki nyumbani

Vikundi vya kina mama makanisani, kuanzia jumuiya ndogo ndogo hadi umoja wa wanawake wa usharika, vinapenda kumpelekea mama aliyejifungua njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mfuko uliofungwa tayari. Mingine hushonwa na mafundi wa mtaani, mingine huagizwa mtandaoni, lakini ukiifungua unakuta karibu vitu vilevile: kanga au mkanda wa kangaruu (wa kumfungia mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi), kofia na soksi, kikombe, chupa ndogo ya mafuta ya upako, spika yenye Biblia ya sauti, rozari au msalaba, na kadi ya maombi. Tumevipima kwa swali moja: kinamsaidia mama kukaa na mtoto kifuani muda mrefu zaidi, au kukamua maziwa kwa mikono safi? Kisichosaidia lolote kati ya hayo, hata kiwe kimeombewa, kinajaza mfuko tu.

Mkanda ndio roho ya mfuko wote. Huduma ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, inkubeta, yaani masanduku ya kumpa njiti joto, zilipokuwa hazitoshi. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Waliongoja kwanza walifariki karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa pima mwenyewe: kitambaa cha kuvaliwa saa zote hizo si cha kuchagulia rangi.

Kanga ya kawaida, kama sentimita 150 kwa 110, inafaa, ila ina kasoro moja ya kuijua mapema. Pamba haivutiki. Baada ya saa moja au mbili fundo linalegea, mtoto anateleza chini, shingo inajikunja na kidevu kinagusa kifua. Njia ya hewa ya njiti ni laini kama mrija wa plastiki mwembamba, ikikunjwa inaziba. Kanga mpya ina wanga, nayo ni ngumu na inateleza, kwa hiyo ifuliwe mara mbili kwa sabuni isiyo na manukato, ianikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuingia mfukoni. Kina mama wengi huchagua kanga kwa maneno yake, yenye kumsifu Mungu. Maneno ni mazuri, lakini shika kwanza kitambaa uone kama ni chepesi na hakitoi nyuzi.

Kufunga ni hivi. Kunja kanga katikati kwa urefu. Mama aketi ameegemea nyuma kidogo, kifua wazi. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu. Nesi anamweka wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeukia upande mmoja na kuinuka kidogo. Ukingo wa juu wa kanga ufike chini ya sikio, si juu yake. Ncha zipite chini ya makwapa, zikutane mgongoni, zirudi mbele na kufungwa pembeni, pasipo fundo juu ya mtoto wala mahali mama atakapolalia. Ikaze usawa wa kifua cha mtoto na iwe na nafasi usawa wa tumbo, maana njiti anapumua kwa tumbo. Kisha mama asimame taratibu huku nesi ameweka mkono chini ya mtoto. Mtoto akishuka hata kidogo, fungua uanze upya.

Mkanda wa kuvutika unamshika mtoto vizuri zaidi na mama anaweza kutembea nao. Hapa tunautetea bila kusita, kwa masharti mawili. Kwanza, iwe miwili, kwa sababu maziwa yanavuja na mtoto anacheua, na mkanda mbichi unampoza. Pili, mmoja uwe mpana wa kumtosha baba. Baba anaweza kukaa na mtoto kifuani vilevile, hasa siku za mwanzo mama akiwa bado anauguza mshono, lakini mifuko mingi imeandaliwa kana kwamba mtoto hana baba.

Kofia: pamba laini, bila shanga, bila vifungo, bila nyuzi za sufu zinazochomoka na kuingia puani. Mtoto wa wiki 30 ana kichwa chenye mzunguko wa takriban sentimita 28, kwa hiyo kofia za dukani za mtoto mchanga humshuka hadi machoni. Soksi hazina la kusema.

Kikombe kinastahili sifa kuliko kinavyopata. Kiwe kidogo, cha plastiki ngumu au cha chuma, mdomo mpana, chenye mfuniko, kisicho na kona za kuficha uchafu. Dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, ni nzito na hutoka matone tu. Pampu ya kukamulia humeza yote kwenye mipira yake, hivyo siku za mwanzo mkono unashinda. Kidole gumba juu, vidole chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana. Usiburute vidole juu ya ngozi. Mama aanze mapema, ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na asipungue mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Anayeruka usiku huona maziwa yakipungua siku za mbele, akadhani ni mawazo. Mtoto akishaanza kunywa kwa kikombe, maziwa yaguse mdomo wa chini tu, ayarambe mwenyewe. Kumimina ndiko kunakopeleka maziwa kwenye mapafu.

Sasa mafuta ya upako, na hapa tutawaudhi baadhi ya watu. Yatolewe mfukoni. Mtoto aliye kwenye inkubeta mara nyingi amebandikwa tumboni waya wa kupima joto, na mashine inaongeza au kupunguza joto kwa kufuata waya huo. Tone moja la mafuta linatosha kuubandua. Waya ukining'inia hewani unasoma baridi, mashine inaongeza moto, na mtoto anapanda juu ya nyuzi 37.5 wakati kioo kinaonyesha kwamba ana baridi. Mafuta hayohayo hubandua plasta ya mpira wa kulishia na ile ya mashine ya kusaidia pumzi. Yenye manukato huwasha ngozi ambayo bado ni nyembamba kama karatasi. Kama kanisa lenu linapaka mafuta, mpakeni mama kipaji cha uso, kisha anawe mikono sekunde 40 hadi 60 kabla ya kumrudia mtoto. Kifuani asipakwe.

Kuwekea mikono hakuna shida, tena kunapatana na wanachofundisha manesi. Njiti hapapaswi, kwani kupapasa kunamchosha. Mkono mmoja mtulivu ukumbatie kichwa, mwingine miguu, bila kusogea, mpaka atulie. Mwenye kuweka mikono awe mzazi. Mchungaji aombe akiwa dirishani au kwenye simu, isipokuwa nesi msimamizi ameruhusu aingie, naye avue pete, saa na bangili kwanza.

Spika ya Biblia haifai karibu na mtoto. Inkubeta ni sanduku, na kitu kinachowekwa juu yake kinavuma ndani. Kiwango kinachopendekezwa kwa wodi hizi ni chini ya desibeli 45, yaani chini ya mazungumzo ya kawaida, na spika ndogo inavuka hapo hata ikipunguzwa. Pia inafunika mlio wa mashine. Mama atumie kisikilizio cha sikio moja wakati wa kukamua, sikio la pili libaki kwa mtoto. Zaburi ya 121 anaweza kumsomea mwenyewe kwa sauti ya chini mtoto akiwa kifuani, naye ataisikia kupitia mbavu za mama. Mtoto akitanua vidole, akipiga kwikwi au rangi ikibadilika, basi amechoka. Nyamaza.

Rozari na msalaba visiingie kwenye inkubeta wala kufungwa mkononi mwa mtoto. Vikitiwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha na kutundikwa nje, vinafutika kwa sanitaiza na havimgusi mtu.

Kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, hali ya mtoto ikibadilika ghafla padri au mchungaji asipokuwepo, yeyote anaweza kubatiza, hata nesi. Maji ya hospitali yaliyo safi, yaliyopashwa kufikia joto la mwili, mililita 2 kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, yatiririke juu ya kichwa huku akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Akaushwe hapohapo, maana maji yanayokauka yenyewe huondoka na joto. Jina, tarehe na mashahidi viandikwe na kupelekwa parokiani au usharikani. Wapentekoste hawabatizi watoto, kwao maombi ya kumweka wakfu yatasubiri au yatafanywa bila kumgusa.

Kadi nzuri tuliyoipenda ina visanduku 8, kila saa tatu kimoja, pa kuandika saa, mililita na mstari mmoja wa sala. Kadi mbaya ni ile inayomwahidi mama kwamba mtoto atapona akiamini vya kutosha. Mtoto akifariki, kadi hiyo inabaki imemshitaki. Na kwenye barua ya kusindikiza mfuko msimwite mama kufunga kula kwa ajili ya maombi. Mama anayekamua anahitaji kula na kunywa kila siku, kwa hiyo funga hiyo ibebwe na kikundi, naye aletewe uji.

Mikanda ikirudi kwa ajili ya mama mwingine, ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, bila jiki, kwa kuwa jiki huua mvutiko ndani ya mafuo machache. Ianikwe juani hadi ikauke kabisa. Kofia na kikombe mama aondoke navyo.