Gereji ya Gerezani yenye makopo

Nimepeleka gari langu, Toyota IST, kubadilishiwa bushi na pedi za breki kwenye gereji moja mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kilichonivutia zaidi ni makopo. Kila gari lina kopo lake tupu la rangi, lenye namba ya gari, na nati zote zinazofunguliwa zinaingia humo. Gereji niliyoizoea zamani iliwahi kunirudishia gari tairi moja likiwa na nati mbili pungufu, kwa hiyo kwangu hili si jambo dogo hata kidogo.

Niliuliza nani kalianzisha. Fundi mkuu akamwita kijana anayejifunza kazi, hana hata mwaka pale. "Huyu hapa. Alisema, tukajaribu wiki moja, tukaona inafaa." Jina lake liko ukutani kwa chaki. Toyota wenyewe walianzisha utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951. Nilifurahi kweli kuukuta chini ya turubai Gerezani.

Ufundi nimelipa shilingi 40,000, spea nilinunua mwenyewe. Nilisubiri masaa matatu juani. Benchi la wateja linahitaji kivuli, nikawaambia, na yule kijana akaandika.