Suruali ya kiuno juu "ya Katharine Hepburn": kata safi, mifuko geresha

Wiki tatu nimeivaa, nimeifua mara nne, ndo naandika sasa maana rivyu za siku ya kwanza huwa ni mahaba tu. Ni ile ya lineni nyeusi, kiuno juu kabisa, marinda mawili mbele, miguu mipana inamwagika hadi kwenye kiatu. Wauzaji wameiita staili ya Katharine Hepburn na hapo ndo waliponinasa, yule mama nampenda kitambo.

Kwa asiyemjua, ni mwigizaji wa Marekani, 1907 hadi 2003, Oscar 4 za uigizaji, na karibu maisha yake yote nje ya kamera alikuwa mtu wa suruali. Utotoni alikata nywele fupi akajiita Jimmy. Miaka ya 1930 mwanamke kutinga suruali Hollywood ilikuwa kesi, inasimuliwa kwamba studio ya RKO walimfichia suruali yake ili avae sketi, yeye akatoka hivyohivyo na nguo ya ndani akakatiza mbele ya watu mpaka wakairudisha. Mimi ningejifungia chooni nilie. Kwenye filamu magauni alivaa na yalimkaa, ila alikuwa mcheza gofu na tenisi, mtu wa hivyo anataka nguo inayomwachia hatua.

Na kwa hilo suruali imejitahidi. Ukikaa haikubani tumbo, ukipanda ngazi magoti yako huru, rangi haijachuja. Makunyanzi yapo, ni lineni bwana, hilo silalamiki. Ilinizidi urefu, fundi akapandisha upindo yakaisha.

Lakini mifuko jamani! Imeshonwa mdomo, nikadhani ni ule uzi wa kufumua kama kwenye makoti mapya, nikachukua wembe nikafumua taratibuuu, kumbe ndani hamna kitu, nimejitobolea nguo kwa mkono wangu mwenyewe. Yaani unachukua jina la mwanamke ambaye picha zake kibao kasimama mikono mfukoni, halafu mifuko unaninyima? Nikawaandikia, wakajibu eti mifuko inaharibu shepu ya nyonga. Nyonga zangu hazikuwatuma.

Nyota 3. Fundi kaniwekea mifuko miwili ya kweli, ya pamba, mirefu, simu na funguo vinazama vyote, na sasa hivi siivui. Ukiagiza hesabu na hela ya fundi kabisa.