Chipu ya paka wangu: nilidhani nimemaliza kumbe bado

Jamani acha niwape uzoefu wangu wa hii chipu ya kumtambulisha mnyama akipotea, maana siku namwekea paka wangu nilijua nimemaliza kila kitu. Ni kadude kama punje ya mchele, vet (daktari wa wanyama) anakaingiza kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, hakana betri wala GPS kwa hiyo mnaodhani mtamfuatilia paka kwenye simu sahauni, kenyewe kamebeba namba tu ya tarakimu 15 na kanaamka skana, kile kifaa cha kusomea chipu, ikipita karibu, basi.

Sasa paka katoroka usiku, kola ikabaki imenasa kwenye uzio, msamaria mmoja akamwokota akampeleka kituo cha wanyama. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe na picha zake, namkuta kizimbani kaandikiwa hana mwenyewe! Nawaambia huyu ana chipu, wanabisha, eti walimskani alipoingia na haikulia. Ndo akaja dada mmoja mzoefu, akaipitisha skana polepole huku na huku, mgongoni hamna, ubavuni hamna, kufika karibu na mguu wa mbele piii. Kumbe chipu huwa zinahama, na aliyempokea alipitisha mara moja tu mgongoni chapchap kama anapangusa vumbi. Halafu dada akanielewesha kwamba chipu nyingi za sasa zinasomwa kwa masafa ya redio ya 134.2 kilohezi ila za zamani ziko za 125 na 128, kwa hiyo kituo kikiwa na skana isiyosoma zote mnyama mwenye chipu anaonekana hana.

Nikapumua, mapema mno. Kutafuta ile namba kwenye rejista, yaani orodha inayotunza namba za chipu na simu za wenye wanyama, ikatoka simu yangu ya zamani, laini nilishaitupa kitambo! Yaani hata wangeisoma siku ya kwanza wangempigia nani? Nikawa mpole ghafla. Kilichoniokoa ni kadi ya chanjo, vet alibandika humo stika yenye namba ya chipu na jina langu lipo.

Chipu naipa 4 kati ya 5, mapokezi ya kile kituo 2, dada wa skana 5 zote. Namba ya simu nimebadilisha palepale nikaongeza na ya mdogo wangu. Kola nayo nimerudisha, ile inayofunguka yenyewe ikinasa, ina kibati chenye namba ya simu, maana jirani atakayemwokota hana skana.