Kengele za Minitab kwenye chati ya Xbar-R: washa chache

Minitab, programu ya takwimu, ina vipimo 8 vya kutoa tahadhari kwenye chati hii ya kufuatilia wastani na mtawanyiko wa sampuli za mchakato, ila mwanzoni kimewashwa cha 1 tu: pointi moja kuvuka sigma 3 (mikengeuko sanifu mitatu) kutoka mstari wa katikati. Hicho peke yake hulia bure takribani mara moja kila pointi 370. Ongeza cha 2, pointi 9 mfululizo upande mmoja wa mstari wa katikati. Hunasa mchakato uliohama kidogo. Wafuasi wa kanuni za kampuni ya Western Electric hushusha K (idadi hiyo ya pointi mfululizo) hadi 8, na programu inaruhusu.

Kuwasha vyote ni kosa. Kanuni nne tu za Western Electric kwa pamoja hulia bure kila pointi 92 hivi, na mafundi huzoea kupuuza. Cha 7, pointi 15 ndani ya sigma 1, kinadharauliwa bure: kikilia, chunguza kama sampuli imechanganya mashine mbili.