Kasuku wakati wa baridi: mbegu au peleti?

Uingereza, Desemba ikiingia, wafugaji wa kasuku huanza ubishi uleule. Mfuko wa mbegu ni nafuu kuliko peleti, yaani chakula kilichosagwa na kubanwa kuwa punje, lakini bei hiyo ina hila: kasuku huchambua alizeti, mbegu nyingine huzimwaga chini, panya wakala. Peleti haina cha kuchagua. Kila punje ina vitamini A na kalsiamu, ambazo mbegu zinazo kidogo mno. Kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo, akipungukiwa kalsiamu hushikwa hata na degedege.

Ndege wa banda la nje ni habari nyingine. Huyo hutumia nguvu nyingi kujipasha joto, hivyo mafuta yaliyomo kwenye mbegu za alizeti humfaa. Peleti nayo ikipata unyevu huvimba ikawa uji, na baadaye huota ukungu. Mwongezee mbegu jioni, maana urefu wa usiku wa huko hufika saa 16.

Wa sebuleni penye hita alizeti humnenepesha tu, na ini huumia. Peleti na karoti humtosha, mbegu ziwe zawadi. Ila usimbadilishie ghafla: asiyeijua peleti anaweza kushinda na njaa mbele ya bakuli lililojaa.