Unga wa "zambarau pori": uzoefu wangu, na majibu niliyopewa dukani

Jamani, huu unga wa zambarau pori unaouzwa kwenye makopo eti unashusha sukari umenikera mno, na aliyeniuzia ndiye kanimaliza kabisa.

Nilimnunulia mama, ana kisukari muda mrefu. Mwanzoni nilikuwa nausifia kwa kila mtu. Rangi imekolea, ukitia kwenye maji baridi unayeyuka papo hapo, na mama mwenyewe aliupenda. Kilichonishtua ni ladha: utamu mtupu, ukakasi hakuna. Aliyekulia Tanga anajua, zambarau hata iive vipi lazima ikukamate ulimi. Ule ukakasi ni tanini, na tanini ni miongoni mwa hizo hizo faida wanazotutangazia. Zimekwenda wapi?

Nikachota vikombe viwili. Kimoja nikakamulia ndimu, kingine nikatia magadi kidogo, haya tunayochemshia maharage. Rangi ya zambarau ya kweli inatokana na anthosianini, nayo haitulii: kwenye uchachu inakuwa nyekundu, kwenye magadi inaelekea buluu au kijani. Nikaponda na zambarau za sokoni nikazijaribu vivyo hivyo. Za ndimu zikawaka nyekundu, za magadi zikageuka kijani cha kuchafuka. Unga wa kopo? Vikombe vyote viwili vilibaki vilevile. Wametia nini humo siwezi kusema, sina maabara. Ila rangi ile si ya zambarau.

Nikarudi dukani na kopo langu. Nikasalimia vizuri, nikamweleza taratibu. Akanijibu mbele za wateja: "Dada, wewe daktari? Kama hela imekuuma sema, usiniharibie biashara." Hilo ningelimeza. Lakini akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu: "Baba, wewe tumia hii, vile vidonge vya hospitali uviache taratibu."

Hapo nilipaza sauti, na sijutii. Tafiti nyingi za mbegu za zambarau na sukari zimefanywa kwa panya! Huyu mzee akiacha metformini yake, kile kidonge cha sukari, sukari ikapanda, ni muuzaji atakayekesha naye wodini?

Nilikusudia kutoa nyota mbili, maana kama kinywaji tu, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, labda hakina neno. Hapana, moja. Vyakula vya kufungashwa viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kopo hili halina alama yao wala jina la kiwanda. Na utamu wote ule, kwa mgonjwa wa sukari! Vipimo vya mama vya asubuhi vilikuwa vinapanda siku zile. Sisemi ni unga peke yake, lakini nikimkumbuka yule mzee, hata hiyo nyota moja naifuta.

Zambarau zenyewe msizichukie. Msimu ukifika nunueni kwa akina mama wa sokoni, mle na ganda lake, rangi nyingi imo humo, na msizichemshe sana kwa sababu moto unaiharibu. Na vidonge viendelee kama daktari alivyoandika.

Hela hajanirudishia. Kopo bado ninalo, unga umebaki kama nusu, na wiki hii nalipeleka TBS pale Ubungo.